Isoni ya Alasiri

Vitina, 9 Novemba 1986

Dada Kaliroi,

Shikamoo, na salamu nyingi kwa shemeji Panayis na wajukuu zako wote hapo Stuttgart. Sisi huku ni wazima. Theluji ya kwanza ilianguka mlimani ikayeyuka siku hiyohiyo, kwa hiyo wazee wa mgahawani wanabishana kama ihesabiwe au isihesabiwe. Asali ya mwaka huu ni nyeusi na nzito. Fotini wangu kajifungua mtoto wa kike kule Patra, na wamekubaliana aitwe Maro, jina la marehemu mama yake. Nililia, wala sioni haya kukwambia.

Usihangaike kunipigia simu. Simu yangu ni mbovu, inakoroma tu. Niandikie.

Sasa sikiliza kilichonikera. Unamjua kumbaro wangu Sarantis, aliyenivisha taji siku ya harusi na kumsimamia Fotini ubatizo. Miaka yote hii mimi naimba pale meza ya waimbaji kanisani, yeye amesimama mkono wangu wa kushoto akishika isoni. Kazi gani rahisi kama hiyo? Sauti moja ya chini, haipandi wala haishuki, mimi nazunguka juu yake na zaburi zangu. Mtu anahitaji pumzi tu na kutofikiria mambo mengi, na Sarantis Mungu kamjalia vyote viwili.

Basi mwenzio ameanza kupanda! Tunaanza vizuri, tukifika katikati ya zaburi nasikia isoni yake imeinuka, nami inabidi nipande naye, tukifika mwisho nimekabwa koo, Padre Anestis anashindwa kuipokea sauti, anaitikia huku kakunja uso. Na kila mara ni sala ya jioni. Nimemwambia mara ya kwanza kwa upole, mara ya pili si kwa upole. Anainamisha kichwa tu. Anasema, "Sawa, kumbaro." Sawa nini? Nadhani analewa tsipuro mchana.

Mimi mwenyewe nalala mchana kama kawaida ili nifike jioni nikiwa na sauti safi. Sina la kujilaumu.

Mdogo wako,
Lambros


Stuttgart, 30 Novemba 1986

Mdogo wangu Lambros,

Marahaba. Hongera ya mjukuu, Mungu amkuze. Nimemfumia soksi, na mume wangu kasema ni kubwa mno kwa mtoto, atazivaa akiolewa. Ndivyo alivyo Panayis, hana dogo. Hajambo, ana kikohozi tu. Huku mvua, giza saa kumi, na majirani wanaofagia ngazi kwa zamu na kuniandikia vikaratasi nikisahau.

Kuhusu simu yako. Fotini ananiambia ni nzima. Anasema akikupigia unaipokea, unasema "ndiyo, ndiyo, vizuri," kisha unaikata mtoto wa watu akiwa katikati ya neno. Mimi sikuulizi. Naeleza tu nilichosikia.

Kuhusu Sarantis, nitakuuliza maswali mawili, na ujibu kama mtu mzima. La kwanza: kama anakunywa, mbona mkewe Garufalia hajamtoa roho? Yule mama akinusa harufu ya tsipuro kabla jua halijazama anafukuza hata nyuki. La pili: mbona asubuhi ya Jumapili hapandi? Umeandika mwenyewe, kila mara ni sala ya jioni. Isoni yake haijui saa.

Na masikio yako je? Ulipasua miamba kwa baruti miaka kumi ile barabara ilipokuwa inajengwa, ukitia pamba masikioni siku ukikumbuka. Niambie ukweli.

Hapa hakuna anayelala mchana. Nilipofika nilidhani ni watu wagonjwa. Sasa hata mimi nimezoea.

Dada yako,
Kaliroi


Vitina, 7 Januari 1987

Dada,

Heri ya mwaka mpya na heri ya sikukuu ya kubariki maji. Nashukuru kwa soksi. Ni kweli ni kubwa. Tulikula nguruwe, tukacheza karata, nikashinda. Shemeji aache sigara.

Mambo ya Sarantis yamekwisha. Nimemfukuza.

Usianze kunifokea, ngoja nikueleze. Ilikuwa jioni ya mkesha wa sikukuu, kanisa limejaa, hadi watu wa Athene wameshuka na makoti yao. Tunaanza, anapanda. Nikamkanyaga mguu, anapanda tu. Tumefika pale ninapotakiwa kushuka taratibu, sauti ikanikatika dada, ikakatika mbele za watu, nikakohoa kusingizia mshumaa. Damu ikanichemka. Nikageuka nikamwambia, wala si kwa kunong'ona: "Toka hapa. Huna sikio. Umeniaibisha mbele ya Mungu na mbele ya watu wa Athene."

Unajua alifanya nini? Akafunga kitabu taratibu, akabusu ile picha takatifu ya pembeni, akashuka akasimama nyuma na wanaume wengine. Bora angenitukana. Garufalia alinitazama toka upande wa wanawake nikahisi kisogo kinaungua.

Sasa naimba peke yangu. Nilidhani nitapumua. Wapi! Jana jioni nimepanda tena, na hata hayupo bado namsikia pale kushoto akinivutia juu. Amenikaa masikioni, mshenzi yule. Nikifika nyumbani bado nipo naye.

Watu wananisalimia kwa kuhesabu maneno. Lakini nilikuwa na haki.

Lambros


Stuttgart, 25 Januari 1987

Lambros,

Leo sikuulizi hali. Chukua barua yako ya mwisho. Najua unaandika mara mbili na kubaki na moja, ulikuwa hivyo tangu shule. Soma pale ulipoandika kwamba Sarantis hayupo na bado unamsikia. Soma tena. Kisha kaa chini.

Mtu akiondoka na sauti yake ikabaki, sauti hiyo si yake.

Nakuuliza mara ya pili kuhusu masikio. Unasikia nini, na unakisikia saa ngapi? Usinizungushe. Nilikuogesha ukiwa mdogo, nakujua hadi kovu la mgongoni.

Panayis anakusalimu.

Kaliroi


Stuttgart, 3 Machi 1987

Lambros,

Wiki tano sijapata hata mstari. Juzi ilikuwa Jumapili ya Kusameheana. Huku katika kanisa letu la kupanga tulipanga mstari, kila mtu akamwinamia mwenzake akisema "nisamehe," hata yule mwanamke tuliyegombania naye sufuria ya ushirika alinibusu. Nikakuwaza. Nikajiuliza umesimama mbele ya nani.

Nimempigia Fotini. Anasema ulimwambia una mafua, hukwenda kanisani. Mafua ya jioni moja?

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Ukikaa kimya mimi silali, na nina sababu nyingine za kutolala, sihitaji zako.

Dada yako


Vitina, 15 Machi 1987

Dada Kaliroi,

Shikamoo. Nisamehe kimya. Sikuwa na mafua. Tuko katika Kwaresima, tunakula maharage na zeituni, na mimi nimekonda kidogo, jambo ambalo Fotini anasema lilikuwa linahitajika.

Haya, nakwambia. Yaliyomo humu usimpelekee Fotini.

Nina mlio. Ni wa miaka mingi, tangu baruti, lakini ulikuwa mdogo, nikauzoea. Tangu Maro wangu afariki umekua. Asubuhi nikiamka uko chini kabisa, mbu wa chumba cha pili, siku nyingine nausahau hadi ninywe kahawa. Lakini nikilala mchana, dada! Nikilala hata kidogo, hata kwenye kiti kidevu kikiwa kifuani, naamka na msumeno kichwani. Unalia kwa sauti moja, juu, na hauteremki hadi nilale tena usiku. Simu nikiiweka sikioni unazidi. Na nikienda kuimba sala ya jioni, sauti yangu inautafuta yenyewe bila mimi kujua. Umekuwa isoni yangu.

Nilikwenda mjini kwa daktari wa masikio. Kijana mpole, kucha safi. Akanipima na vipokea sauti, kisha akauliza, "Mzee, unalala mchana?" Nikamwambia, "Daktari, wewe ni mtu wa nchi hii kweli? Nani halali mchana?" Hakucheka. Akasema siko peke yangu, wako wagonjwa wanaomwambia vilevile: usingizi wa usiku unawatuliza, wa mchana unawavuruga, na kwa nini hasa hakuna anayejua vizuri bado. Wengine wala hawaoni tofauti. Dawa ya kuuondoa hana. Akanishauri nijaribu kuacha kulala mchana, nione.

Nijaribu! Amewahi kukaa Vitina saa tisa mchana? Madirisha yote yamefungwa, mbwa wamelala katikati ya barabara, polisi mwenyewe anakoroma. Nilipasua kuni jirani akafungua dirisha: "We Lambros, saa za utulivu hizi, una wazimu?" Nikatembea hadi makaburini nikarudi. Nikakaa jikoni nikitazama kikombe. Na ule ukimya ndio unaoupa mlio nafasi, basi bora nilale tu, nikalala, nikaamka na msumeno. Siku tatu nilishinda nikaimba vizuri. Ya nne nikaanguka kwenye kochi kama gunia.

Naogopa, Kaliroi. Hilo ndilo. Padre Anestis akijua atamleta mwimbaji kutoka mjini, na mimi nitasimama nyuma na kofia mkononi. Maro hayupo, Fotini yuko Patra. Ile meza ndiyo mahali pekee ambapo bado watu wananisubiri.

Sarantis? Anapita upande wa pili wa barabara. Nimwambie nini? Nilimfukuza mbele ya kanisa zima, sasa niende nikamwambie kwamba mwenye wazimu ni mimi? Siwezi.

Umeandika una sababu nyingine za kutolala. Zipi? Na barua ya mwisho hukumtaja shemeji kabisa.

Lambros


Stuttgart, 29 Machi 1987

Mdogo wangu,

Ahsante kwa barua hii. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi na mfuko wa viazi mkononi.

Panayis wamemtoa pafu moja mwezi wa pili. Sikukwambia kwa sababu ungetaka kuja, na wewe ukija hospitali unagombana na manesi. Anaendelea vizuri. Ameanza kulalamika kuhusu chakula, na hiyo kwake ni dalili njema. Kwa hiyo Pasaka hatutakuja. Nimelia vya kutosha juu ya hilo, wewe usiongeze.

Na lingine. Mimi pia ninao. Miaka kumi na tisa kiwandani kati ya mashine za kufuma, ulidhani nilitoka na nini, mkufu wa dhahabu? Wangu unanguruma, si msumeno kama wako, na usingizi wa mchana hauubadilishi hata chembe. Kwa hiyo daktari wako kasema kweli, kila kichwa na mambo yake. Simu nami siipendi. Tulikuwa tunadanganyana wawili, wewe unasema mbovu, mimi nasema ghali. Mama angetuchapa wote. Usiku nawasha redio chini kabisa, isiwe kimya tupu, nalala. Nawe weka redio hapo jikoni saa za mchana, uwashe polepole jirani asifungue dirisha.

Lakini redio haitakuombea msamaha. Mtu alisimama mkono wako wa kushoto maisha yako yote, akambeba mtoto wako kwenye maji ya ubatizo, ukamwambia hana sikio. Wewe ndiye huna. Unaogopa watu watajua. Na yeye je? Kijiji kizima kinajua kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Anatembea na aibu yako mgongoni akienda kununua mkate.

Sikubembelezi. Nenda kabla ya Ijumaa Kuu.

Kaliroi


Vitina, 20 Aprili 1987, Jumatatu ya Pasaka

Dada yangu Kaliroi,

Kristo amefufuka! Mbusu Panayis kwenye lile pafu lililobaki. Jana tulichoma mwana-kondoo uani, Fotini na mumewe wamekuja, mtoto Maro anatabasamu kwa kila mtu ila mimi. Nitampata tu.

Sikwenda kabla ya Ijumaa Kuu. Nilijiambia nitakwenda Jumapili ya Matawi, nikajiambia Jumatatu. Redio ilinisaidia, wiki nzima sikulala mchana, jioni zote niliimba sawasawa, nikaanza kujidanganya kwamba mambo yameisha na hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Ijumaa Kuu tulimaliza ibada ya adhuhuri nikiwa nimefunga tangu jana yake. Nikaketi jikoni nivue viatu. Nakuapia nilitaka kuvua viatu tu. Nilipofumbua macho kiatu kimoja kilikuwa mkononi na msumeno ulikuwa umewashwa, tena ule mkubwa. Redio inaongea, siisikii. Jioni ndio maombolezo ya kaburi la Kristo, watu wote wamesharudi kutoka Athene na kwingine, na mimi ndiye wa kuwaanzishia. Nikajaribu sauti ya kwanza. Sikujua kama iko mahali pake au haipo. Dada, sikujua!

Nikatoka. Ilikuwa saa za utulivu bado, hakuna hata paka. Nikagonga mlango wa Sarantis. Nikagonga tena. Garufalia akafungua dirisha la juu, nywele zimesimama.

"Nani huyo asiye na adabu? Kuna aliyekufa?"

"Kristo," nikamwambia. "Leo Ijumaa Kuu. Niamshie mumeo."

Nilidhani atanimwagia maji. Kisha nikasikia ndani: "Sarantis! Amka! Yule kumbaro wako wa maana amekuja."

Akashuka na fulana, uso umevimba kwa usingizi. Hakunikaribisha ndani wala hakunifukuza. Nikasema palepale kwenye ngazi, kwa haraka, nisije nikageuka: "Sarantis, hukupanda wewe. Nina mlio masikioni, nikilala mchana unanivuta. Nilikuwa napanda mimi. Nisamehe."

Akajikuna kifua. Akasema, "Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba unapanda. Tangu mwaka juzi. Lakini na mimi nilipanda, kumbaro, hapo ulisikia sawa. Wewe ukipanda nami nakufuata polepole. Ningebaki chini kila mtu angesikia umetoka nje ya sauti. Nikipanda nawe, nani atajua? Padre tu, na Padre yeye mwenyewe anaimba kama mlango."

Unaelewa, dada? Nilidhani ananivuta, kumbe ananifuata. Nilimfukuza kwa kunifunika.

Nikamwambia sijui jioni nitafanyaje. Akaenda kuvaa shati, akarudi akifunga vifungo.

"Leo sikufuati," akasema. "Nitabaki pale pale, hata ukienda mbinguni. Utanitafuta wewe."

Jioni akapanda mezani mbele ya watu wote, akasimama kushoto. Mnong'ono ukapita kanisani. Nikageuka kwa watu, Padre akanitolea macho, nikasema: "Mwezi wa kwanza nilimwambia huyu hana sikio. Asiye na sikio ni mimi." Mtu akakohoa. Bibi Asimina aliye kiziwi akauliza kwa nguvu, "Kasema nini?" na Garufalia akamrudia neno kwa neno, kwa raha zake zote.

Tukaanza. Nilitoka nje ya sauti mara mbili. Mara mbili nilisikia wanawake wakisita, na safari hii hakuna aliyenifunika. Sarantis hakusogea. Msumeno unalia juu, yeye ananguruma chini, na mimi katikati nimefumba macho, jasho linanitoka. Nikaacha kujisikiliza nikamsikiliza yeye. Nikarudi. Mara zote mbili nikarudi. Padre hajasema lolote kuhusu mwimbaji wa mjini. Akisema, atasema. Sitakufa.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tunafagia kanisani majani yenye harufu aliyoyarusha Padre, wawili tu. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote miwili.

"Ungenifukuza," akasema.

"Lakini nilikufukuza hata hivyo!"

"Ndiyo," akasema, akaendelea kufagia. "Lakini watu walidhani ni kwa kosa langu. Si kwa lako."

Mdogo wako,
Lambros